Gari inagoma kupokea gesi ya AC? Pitia haya kabla hujanunua kopo lingine

Wakuu habari zenu. Hili tatizo hapa Mwanza linazunguka sana, mtu AC yake haipoozi, anaenda kujaziwa gesi, anaambiwa gari inakataa, au imepokea kidogo ikagoma, au imejaa vizuri af kesho yake joto limerudi vilevile. Na kinachofanyika mara nyingi ni kuchomeka kopo lingine, na lingine, hela inaenda tu. Mimi naomba tuelewane kitu kimoja kwanza: gesi ya AC haitumiki kama petroli. Haiungui, haiishi kwa kutembea safari ndefu, inazunguka mle mle kwenye mabomba miaka na miaka. Kama imepungua maana yake imetoka sehemu, na kama haiingii kuna kitu kinaizuia. Ukishalijua hilo huwezi tena kukubali fundi akuongezee gesi bila kukwambia ya mwanzo ilienda wapi.

Naongelea gari zetu hizi za kawaida, IST, Vitz, Premio, Noah, Hiace, Probox, zinazotumia gesi ya R134a. Stika iko chini ya boneti, inaonyesha aina ya gesi na gramu zake. Isome hiyo stika kabla ya kitu chochote, ukikuta imeandikwa R1234yf simama hapo hapo, hiyo ni gesi nyingine, inashika moto, na nozeli zake ni tofauti.

Halafu usalama, nasema mara moja tu. Vaa miwani na glavu. R134a ikitoka inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikugusa jicho imekuumiza vibaya. Usifanye karibu na moto wala sigara maana ikipita kwenye moto inatoa hewa ya sumu. Na gesi ya zamani usiiachie hewani kama kuna mtu ana mashine ya kuinyonya, kilo moja ya R134a inapasha dunia kama zaidi ya kilo elfu moja ya kaboni dayoksaidi, na ziwa tunaliona wenyewe hali ya hewa inavyobadilika.

Haya, tuanze na sababu za kijinga kwanza, kwa sababu ndo zinakula muda wa watu. Geji ya AC ina hosi tatu, bluu ya lo presha (upande wa presha ndogo), nyekundu ya hai presha (upande wa presha kubwa), na njano ya katikati inayoenda kwenye kopo au pampu ya vakyum, ile inayonyonya hewa yote kwenye mabomba. Kwenye R134a nozeli ya lo ina milimita 13 na ya hai ina 16, kwa hiyo haziingiliani hata ukilazimisha. Sasa zile kapla za kuchomeka, ukishachomeka inabidi uzungushe kile kitasa cha juu mpaka pini ishuke iminye valvu ya ndani. Kapla nyingi za bei rahisi pini yake haifiki, unasikia imelia "tak" unaona iko sawa kumbe valvu haijafunguka. Dalili yake geji inasoma sifuri au haichezi kabisa wakati gari ina gesi. Kingine ni valvu yenyewe ya kwenye bomba, ile inayofanana na ya tairi, imekwama au ina uchafu. Na kingine ni ile sindano ya kutoboa kopo, watu wanaifunga mpaka chini kopo linatoboka, af wanasahau kuifungua kwa kuirudisha juu, gesi inatokaje sasa. Angalia hayo yote matatu kabla hujagusa kitu kingine. Na kabla ya kuingiza gesi legeza hosi ya njano upande wa geji sekunde moja hivi hewa itoke, la sivyo unaingiza hewa kwenye mfumo.

Ukishachomeka vizuri, gari imezimwa, injini imepoa, soma geji zote mbili. Hapa watu wanaruka na hapa ndo kuna majibu mengi. Gari ikiwa imezimwa muda mrefu pande zote mbili zinatakiwa kulingana, na namba unayoiona inategemea joto la hapo ulipo. R134a ikiwa na nyuzi 25 inasoma karibu psi 83, nyuzi 28 inasoma 92 hivi, nyuzi 30 kama 98. Mchana wa kawaida Mwanza kivulini uko kwenye 27 mpaka 30, kwa hiyo tarajia kitu kati ya 88 na 98.

Ukiona psi 30 au 40 mfumo uko karibu mtupu, hauna gesi iliyo kwenye hali ya maji hata tone. Ukiona 90 maana yake kuna gesi, ila haikwambii ni kiasi gani, hapo watu wengi wanapotea. Yaani gramu 100 na gramu 500 kwenye gari iliyozimwa zinasoma namba ile ile, mradi tu kuna gesi iliyo kwenye hali ya maji mle ndani. Kwa hiyo fundi akisoma 90 injini imezimwa akasema "iko ful", hajapima kitu. Na ukiona 120, 130 wakati kuna nyuzi 28, hapo kuna hewa imeingia au gesi imechanganywa na kitu kingine, usiongeze, inabidi itolewe yote.

Sasa tuje kwenye malalamiko yenyewe, "inapokea kidogo inagoma". Mfumo umevutwa vakyum, unafungua kopo, gesi inaingia kwa kasi mwanzoni, baadaye inasimama na kopo bado zito. Hii mara nyingi siyo ugonjwa wa gari, ni presha tu zimelingana. Kopo lina presha yake, mfumo una yake, zikifanana hakuna wa kumsukuma mwenzake. Tena kopo likitoa gesi linapoa, ukilishika linauma kwa baridi, likifika nyuzi 10 presha yake imeshuka mpaka psi 47 hivi, wakati upande wa gari kuna joto la injini na presha iko juu. Hapo gesi itaingiaje? Dawa ni mbili. Ya kwanza weka kopo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ambayo mkono unavumilia, nyuzi 40 inatosha, hapo kopo linafika kama psi 135. Usitumie moto, usitumie maji yanayochemka, kopo linapasuka. Ya pili ni kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, kufanya kazi, maana ikizunguka inavuta upande wa lo mpaka psi 30 na kitu, gesi inaingia yenyewe.

Na hapo kwenye kompresa ndo kuna mtego. Gari ina swichi ya presha inayolinda kompresa, kwenye Toyota nyingi inakata presha ikiwa chini ya karibu psi 28, na inakata tena ikipanda karibu 455. Kwa hiyo mfumo ukiwa mtupu kompresa haiwaki kabisa, gesi haivutwi, na kwa kuwa gesi haivutwi kompresa haiwaki. Watu wanaita gari mbovu. Wengine wanakimbilia kuunga waya moja kwa moja ili klachi, ile inayoishikisha kompresa na puli ya mkanda, ijikaze. Mimi siipendi hiyo, kwa sababu oili ya kompresa inasafirishwa na gesi, ukiizungusha kavu dakika chache umeiua, na zile gari zenye sensa ya presha ya waya tatu ukiunga unaunguza sensa yenyewe. Njia salama ni hii: injini IMEZIMWA, baada ya vakyum, geuza kopo au mtungi kichwa chini gesi itoke kwenye hali ya maji, ingiza kupitia upande wa hai, gramu 150 mpaka 200 hivi. Funga valvu nyekundu ya geji, funga kabisa, kagua tena. Subiri dakika chache. Zungusha kompresa kwa mkono mizunguko kadhaa kama unaifikia, ili kama kuna gesi ya maji imekaa ndani isije ikavunja valvu zake. Kisha washa injini, washa AC, malizia upande wa lo na kopo likiwa limesimama wima ili iingie mvuke. Valvu nyekundu usiifungue injini ikiwa inanguruma na kopo liko kwenye hosi ya njano, presha ya psi 200 na zaidi inarudi kwenye kopo, mtu anaumia.

Kama presha inatosha lakini klachi bado haijikazi, hapo siyo gesi tena, ni umeme. Fyuzi, relei, swichi, waya, koili ya klachi. Chukua relei ya honi kama inafanana badilisha ujaribu, pima kama umeme unafika kwenye waya wa klachi. Umeme upo na klachi haivuti, koili imekufa au nafasi ya klachi imekuwa kubwa kwa kuchakaa, hii ya nafasi unaijua kwa sababu asubuhi inashika na injini ikipata moto inaachia. Gari mpya mpya kidogo hazina klachi ya kulia, kompresa inazunguka muda wote na inaongozwa na valvu ya umeme, hizo usitegemee sikio, soma geji.

Sasa vakyum. Hapa naomba mnisikilize kwa makini hasa mafundi wenzangu, maana hili linatuhusu sisi watu wa ziwani kuliko mtu wa Dar. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza mjini tuko hapo hapo au juu kidogo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Geji inasoma tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, kwa hiyo ukivuta vakyum safi kabisa pwani itasoma karibu inchi 29.9 (inchi za zebaki), lakini hapa kwetu mwisho wake ni inchi 26 hivi. Basi. Haitafika 29 hata ukilaza pampu usiku mzima. Nimeona mafundi waliofundishwa kwamba lazima ifike 29, wanavuta saa nzima, wanasema mfumo unavuja, wanabadilisha oringi zote, wanabadilisha pampu, kumbe mlima ndo unawadai. Bukoba na Musoma ni hivyo hivyo, na jirani zetu wa Kisumu pia.

Ila usiligeuze hilo kuwa kisingizio. Ikisimama kwenye 24 siyo kwamba "ni kwa sababu ya urefu", hiyo ni vakyum mbovu. Lengo la vakyum siyo kutoa hewa tu, ni kuchemsha maji yaliyomo ndani yawe mvuke yatoke. Kwenye joto la nyuzi 28, maji yanaanza kuchemka geji yako ya hapa ikifika kama inchi 25. Ikiwa 24 maji yanabaki mle mle. Kwa hiyo hakikisha umevuka 25 na nusu, acha pampu iende dakika 30 mpaka 45, kipindi cha mvua nenda hata saa nzima kwa sababu unyevu ni mwingi na oili ya PAG (oili ya kompresa) inanyonya unyevu sana ikiachwa wazi. Mwenye uwezo anunue geji ya maikroni, hiyo inasoma presha halisi, haijali uko Mwanza au Tanga, ikishuka chini ya maikroni 500 umemaliza. Kisha funga valvu, zima pampu, acha nusu saa. Sindano ikirudi taratibu kisha ikasimama, kuna unyevu bado unachemka. Ikirudi bila kusimama mpaka sifuri, kuna tundu.

Na usianze kazi kabla hujaangalia kama sindano ya geji iko kwenye sifuri ikiwa wazi. Nyingi zina kiskrubu cha kurekebisha hapo kwenye uso.

Tundu linatafutwaje? Povu la sabuni linasaidia kwa tundu kubwa tu, na mfumo ukiwa na presha. Kupaka sabuni kwenye mfumo mtupu ni kazi bure. Njia nzuri ni naitrojeni yenye regyuleta, weka psi 150, paka povu kila kiungo, kisha acha. Usitumie oksijeni ya welding, nasisitiza, oksijeni na oili vikikutana kwenye presha vinalipuka. Na usitumie upepo wa kompresa ya matairi, ule umejaa maji na R134a ikichanganyika na hewa kwenye presha kubwa inaweza kuwaka. Ukiacha naitrojeni usiku kucha usishtuke ikishuka psi 3 au 4, hewa ikipoa kutoka nyuzi 32 mchana hadi 25 alfajiri inashuka yenyewe hivyo. Ikishuka 20 huo ni uvujaji.

Sehemu za kuangalia kwanza: kondensa, ile inayopoza gesi mbele ya rejeta, inapigwa na kokoto kila siku. Viungo vyenye oringi. Uso wa kompresa pale klachi ilipo, ukiona vumbi limeshikana na oili kama ugali wa mtama, sili ya shafti inavuja. Valvu za kujazia zenyewe, kwa hiyo vifuniko vyake siyo urembo. Evaporeta, ile inayopooza hewa ya ndani, imejificha ndani ya dashibodi, hii unaipima kwa kuweka kitambua gesi kwenye lile bomba linalodondosha maji chini ya gari, baada ya kuzima muda kidogo. Alama ya oili oili ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya mtu, gesi ikitoka inatoka na oili yake.

Wenye Noah na Hiace zenye AC ya nyuma nawasemea peke yenu. Mabomba ya kwenda nyuma yanapita chini ya sakafu, yanapigwa na mawe, yanakaa na tope, yanaliwa na kutu taratibu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari nyingi za Sengerema na Geita zinakuja mjini kutengenezwa, na nyingi zimepita barabara za vumbi na kokoto. Mzee mmoja alikuja na Noah, amebadilishiwa kondensa, oringi, mpaka kompresa ya mtumba. Nikamwambia "shikamoo mzee, hebu tulinyanyue kwanza", tukalinyanyua, bomba la nyuma limetoboka pale linapokamatwa na klampu, oili imelowanisha udongo. Akauliza "fundi, hawa wote hawakupiga magoti?" Ilikuwa bomba tu. Kwa hiyo kabla hujauziwa kompresa, mtu alale chini ya gari na taa.

Ile dawa ya kuziba matundu inayouzwa kwenye kopo msinunue. Inaganda kwenye ekspansheni valvu (kitundu chembamba kinachoshusha presha ya gesi kabla ya evaporeta), na inaharibu mashine ya fundi atakayekuja kunyonya gesi baadaye.

Sasa kama gari haina tundu, kompresa inawaka, kopo lina uvuguvugu, kapla nzima, na bado haipokei vizuri au inapokea haipoozi, soma geji injini ikiwa inafanya kazi. Fungua milango, feni ya ndani mwisho, joto la baridi kabisa, injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwa Toyota kwenye hewa ya nyuzi 30 hadi 35 lo inatakiwa iwe psi 22 mpaka 36, hai iwe 199 mpaka 228. Siku ya ubaridi zinashuka kidogo.

Lo iko chini na hai iko chini, gesi ni kidogo, endelea kuongeza. Lakini lo ikishuka mpaka sifuri au ikaingia vakyum huku kopo liko wazi, kuna sehemu imeziba, mara nyingi ekspansheni valvu au draya (chujio linalonyonya unyevu). Pitisha mkono kwenye bomba, pale penye jasho au barafu ghafla wakati nyuma yake pana joto ndo palipoziba. Kama inaanza vizuri, baada ya dakika kumi na kitu inaacha kupooza, unazima kidogo ukiwasha imerudi, huo ni unyevu unaganda kwenye ekspansheni. Badilisha draya, vuta vakyum ya maana. Draya ni spea ya bei nafuu, kila mfumo ukifunguliwa ibadilishwe, kinachouma ni mtu anabadilisha kompresa ya laki kadhaa anaacha draya ya zamani iliyojaa chengachenga, kompresa mpya inakufa kwa takataka za ile ya zamani.

Lo iko juu na hai iko chini, mfano 80 kwa 100, kompresa haisukumi. Imechoka ndani, au klachi inateleza, au ile valvu ya kuongoza imekwama. Hapo gesi ingiza kilo mbili, haitapooza.

Zote mbili juu, hai imevuka 280, 300, na gesi haitaki kuingia hata kidogo. Hapa ndo watu wanasema "imejaa" wakati haijajaa. Kabla ya kutoa gesi chukua ndoo ya maji mwagia kondensa. Hai ikishuka haraka na upepo ukaanza kuwa baridi, tatizo ni hewa haipiti. Feni haizunguki, au inazunguka kinyume baada ya mtu kurudisha waya vibaya, au kondensa imeziba. Na kondensa kuziba huku kwetu ni kawaida sana, gari zinazolala Igombe, Luchelele, Kirumba, pembeni ya maji, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa mawingu wananasa kwenye mapezi, vumbi linakuja juu yake, linakuwa plasta. Ukitazama kwa mbele unaona safi, uchafu umekaa katikati ya kondensa na rejeta. Osha kwa maji ya presha ndogo kutokea nyuma kwenda mbele, presha kubwa inalaza mapezi. Kama maji hayakusaidia, basi kweli gesi imezidi au kuna hewa ndani, toa yote, vuta, anza kwa mzani.

Kitu kingine ambacho kinanikera kusema kweli ni gesi yenyewe feki. Mtungi umeandikwa R134a ndani kuna mchanganyiko, R22, gesi ya kupikia, chochote. Hii siyo kuharibu AC tu. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yalilipuka, wafanyakazi wakafa, chanzo kilikuwa gesi feki iliyowekwa kwenye makontena hayo Vietnam, ndani kulikuwa na kloridi ya methili, ambayo ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa. Na kompresa zetu ni aluminiamu. Kipimo cha kwanza ni rahisi: acha mtungi kivulini masaa kadhaa, soma presha, linganisha na zile namba nilizotoa juu. Nyuzi 28 isome karibu 92. Ikisoma 135 au 150 hiyo siyo R134a. Ikisoma sawa bado haijathibitika kwa asilimia mia, kuna mchanganyiko wa gesi za kupikia unaoigiza presha hiyo hiyo, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua na risiti uidai. Mwenye gereji kubwa atafute kile kifaa cha kutambua gesi.

Kujaza kwenyewe tumia mzani, mzani wa kidijitali wa jikoni unatosha kwa kopo. Gari ndogo nyingi zinaangukia gramu 350 hadi 550, zenye AC ya nyuma zaidi sana, ila usinikariri mimi, kariri stika. Kile kioo cha kuangalia mapovu kwenye gari za zamani usikitegemee peke yake, kioo kinaonekana safi gesi ikitosha, kinaonekana safi ikizidi, na kinaonekana safi ikiwa haipo kabisa. Kuzidisha gramu 100 kwenye Vitz siyo kuongeza baridi, ni kupandisha presha na kuipa kompresa mzigo.

Oili nayo. Toyota za R134a zenye kompresa ya mkanda nyingi zinatumia ND-OIL 8 au PAG 46. Ukibadilisha kondensa ongeza kama mililita 30 hadi 40, usimimine kwa macho. Ila wenye Aqua, Prius na haibridi nyingine zenye kompresa ya umeme, hapo ni ND-OIL 11 peke yake. Hizo kompresa zinaendeshwa kwa volti zaidi ya mia moja, oili ya PAG inapitisha umeme, ikiingia hata kidogo gari inagundua umeme unavuja, inaweza kukataa kuwaka kabisa, na kutoa ile oili kwenye mfumo mzima ni gharama ya kulia. Hata hosi za geji zilizotumika kwenye gari ya kawaida zina mabaki ya PAG ndani. Mwenye haibridi muulize fundi anatumia oili gani na hosi zipi kabla hajachomeka, akikuangalia tu bila jibu funga boneti yako ondoka.

Ukimaliza weka kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi, 1,500, milango imefungwa sasa, subiri dakika tano mpaka kumi. Kwenye hewa yetu ya nyuzi 28 ikitoa kati ya 6 na 11 iko vizuri. Zima, chomoa hosi ya hai baada ya presha kushuka, paka povu kwenye nozeli zote mbili uone kama zinabubujika, rudisha vifuniko vyake na viringi vyake. Kisha andika kwenye karatasi gramu ulizoingiza, aina ya oili, na tarehe, ibandike pembeni ya ile stika, fundi atakayefungua hiyo boneti mwakani ajue anaanzia wapi.